Kifuniko cha Ketura

Jumatatu moja ya Januari, Arvilla Kutz alikunywa kahawa yake ya saa moja asubuhi, akainuka kwenda kuosha kikombe, na aliporudi akakuta kifuniko cha buli kimelala chali mezani, palepale kikombe kilipokuwa.

Mtu mwingine angesema, aa, nimekitoa mwenyewe nikasahau. Arvilla hakuwa mtu wa kusahau. Kabati lake la vyombo lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni, na ndani ya nyumba ile alikaa peke yake tangu Merle, mumewe, azikwe miaka sita nyuma. Akakiokota kile kifuniko. Kilikuwa cha moto. Kwa ndani kilikuwa na majimaji, kama kilichotoka sasa hivi kufunika chai, na kilinuka kafuri.

Harufu ile aliijua. Alikifuta mara tatu, akakirudisha kabatini, akafunga.

Sasa lazima nikwambie Arvilla alikuwa nani, maana hata walioshindwa kumpenda walimheshimu. Watu wa kule Berks, Pennsylvania, wana wazimu na vyombo vya jani la chai. Ni kauri nyeupe nzito, ngumu kama jiwe, ina jani dogo limepakwa rangi ya shaba inayong'aa. Bibi zao waliletewa kutoka Uingereza kwa meli, na leo wajukuu wanavigombania minadani mpaka ndugu wananuniana. Asiyejua akishika chombo huangalia jani. Jani halikwambii kitu, lilipakwa na mikono maelfu katika viwanda chungu nzima na yote yanafanana. Anayejua huushika mwili: mkono umejipinda vipi, tumbo lina pembe ngapi, kirungu cha kushikia kifuniko kimefinyangwa umbo gani. Maumbo hayo wameyapa majina, Ndoano, Mwanzi, Kamba, Tumba. Arvilla alikuwa akifumba macho, anakipapasa chombo kuanzia mdomo hadi kitako, anakutajia umbo lake kabla hujamaliza kupiga chafya. Wanachama wapya wa chama chao cha wakusanyaji alikuwa akiwafunga kitambaa machoni. "Jani liacheni," aliwaambia. "Shikeni mwili."

Jambo jingine. Vifuniko huvunjika au hupotea kabla ya mabuli, na mabuli huvunjika vifuniko vikabaki. Kwa hiyo kila mkusanyaji wa kule hutembea na mkoba wa vifuniko yatima, kila kimoja kimevalishwa soksi kisigongwe, akitumaini siku moja atakutana na mwili wake. Hakuna anayeshangaa ukifungua mkoba wa namna hiyo jikoni mwa mtu. Ndio utaratibu. Na huo mkoba ndio uliomponza Arvilla.

Baada ya Jumatatu ile mambo hayakutulia. Wiki ya pili alimsikia mtu akikoroga chai jikoni mchana kweupe, kijiko kikigonga kikombe taratibu, na alipoingia akakuta kijiko bado kinazunguka chenyewe. Akampigia simu mchungaji. Mchungaji akampigia Rosalyn, binti wa Arvilla. Wiki ya tatu aproni zake zote tano zilinuka kafuri hata baada ya kuchemshwa.

Ikafika Jumanne ya maandazi, ile ya kumalizia mafuta kabla ya Kwaresima. Rosalyn, mtoto wake wa pekee, karani wa shule, akaingia na kapu la maandazi ya viazi na utani wa siku hiyo wa kila mwaka, wa kumcheka aliyeamka wa mwisho.

"Umeamka wa mwisho mtaa mzima, mvivu mkubwa wewe. Hata mapazia hujafungua."

Arvilla hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, bado amevaa nguo za kulalia.

"Nani ameingia humu?"

"Humu wapi, Mama?"

"Tazama vifuniko."

Rosalyn akatazama. Aliona vyombo vyeupe vyenye majani ya shaba, vilevile alivyoviona tangu utotoni. "Vina nini?"

"Vimebadilishwa. Cha Ndoano kiko juu ya Mwanzi. Cha Kamba kimekaa kwenye Ndoano, kinayumba, huoni? Vyote. Hakuna hata kimoja kilicho juu ya mwili wake."

"Si vyote vina jani?"

"Rosalyn, usinitie wazimu. Nani ana ufunguo?"

"Unao wewe tu." Rosalyn aliweka kapu chini, na sauti yake ikashuka. "Mama, nisikilize. Mara kuna mtu anakoroga chai. Mara aproni zinanuka. Sasa umekesha unabadilisha vifuniko halafu unaniuliza mimi. Silali nikikufikiria. Nimeongea na wale wa Mierezi. Wana chumba, kile cha mwisho chenye dirisha. Nimewaambia nitawapa jibu Jumamosi."

Arvilla akakaa. Mierezi ilikuwa nyumba ya wazee nyuma ya kilima, na chumba kile cha mwisho alijua nani alifia humo.

Ketura Moyer. Alikuwa mjane wa miaka themanini na minne, anaishi peke yake kwenye shamba lake, macho yameingia ukungu lakini ulimi mkali. Alipaka mafuta ya kafuri kwenye vifundo vya vidole asubuhi na jioni kwa ajili ya baridi yabisi, ukipeana naye mkono unaondoka na harufu yake. Luther, mwanawe, alitaka shamba liuzwe. Ketura hakutaka. Luther akasema mama yake akili zimeanza kuruka, daktari akamtaka alete ushahidi, na Luther ushahidi hakuwa nao. Katikati ya vuta nikuvute hiyo ndipo alipomwita Arvilla aje kukadiria vyombo vya nyumbani.

Kwenye rafu ya Ketura lilikaa buli la Tumba. Lina pembe nane, mkono umejipinda kama kikonyo cha mzabibu, na kifuniko chenye kirungu cha tumba la ua lisilofunguka. Arvilla naye alikuwa na buli la Tumba kwake, halina kifuniko, na kifuniko alikuwa amekitafuta miaka kumi na mmoja. Mkobani alikuwa na yatima mmoja aliyelingana upana, ana jani lilelile la shaba, ila kirungu chake ni pete na mwili wake ni mwingine kabisa. Luther alikuwa nje anaongea na simu. Ketura alikuwa anakata pai. Kazi ya kumvua yatima soksi na kukivalisha kifuniko cha Ketura haikuchukua muda wa kuhesabu hadi kumi.

Ketura alikaa mezani, akanyoosha mkono kwenye buli lake kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, na vidole vikasimama.

"Hiki si kifuniko changu."

"Mama, tafadhali," alisema Luther akiingia.

"Hiki si kifuniko changu, nakwambia. Changu kina tumba. Mama yangu alinikabidhi hili buli nikiwa na miaka kumi na tisa, nitashindwa kulijua?"

Luther alitazama kifuniko, akaona jani. Akatazama buli, akaona jani. Akamgeukia Arvilla. "Wewe ndiye mtaalamu. Ni chake au si chake?"

Hapo Arvilla angeweza kusema lolote. Angeweza hata kusingizia kuchanganya mayatima, akaomba radhi, yakaisha kwa kicheko. Akasema, "Ni chake. Bibi Ketura amesahau tu."

Ushahidi ukapatikana: mama hajui hata vyombo vyake mwenyewe. Kabla majani ya vuli hayajaisha kuanguka, Ketura alikuwa Mierezi, kwenye chumba cha mwisho, na shamba limeuzwa. Aliishi humo miezi minane. Kila aliyeingia, hata mfagiaji, alimwomba amletee kifuniko chake akishike, na wakampa vifuniko vya sufuria ili anyamaze. Arvilla alikwenda mazikoni, akala, akasifu pai. Vitu vya marehemu vilipopigwa mnada alilinunua hata lile buli, asije mjuzi mwingine akaona limevishwa kichwa kisicho chake, kisha yeye akalificha chini ya ngazi kwake.

Hayo yote alimficha mtoto wake siku ile ya maandazi. Alisema tu, "Jumamosi ni mbali," na Rosalyn akaondoka akifuta machozi.

Jumatano saa tisa alasiri, jua la baridi likiingia dirishani, Arvilla alikuwa jikoni anamenya viazi. Akasikia kauri inasaga kauri. Krr. Ikanyamaza. Krr. Sauti ile aliijua kuliko kengele ya kanisa lao, ni kifuniko kinachozungushwa juu ya buli na mtu anayetafuta kinapokaa. Alitaka kuinuka, kisu kikamdondoka, na harufu ya kafuri ikaingia jikoni taratibu, ikampita, ikamzunguka, ikasimama nyuma ya kiti chake, na kabla hajafika katikati ya Baba Yetu vidole vikamgusa, vidole vya baridi vyenye vifundo vilivyovimba, vikaanzia kwenye paji la uso vikashuka puani vikazunguka mashavu vikafuata taya mpaka chini ya masikio, bila haraka, vikipima, vikirudi nyuma palipokuwa na shaka, vilevile alivyovipapasa yeye vyombo vya watu miaka arobaini huku amefumba macho, na vilipokwisha kumjua vikapanda juu vikamshika utosi, kiganja kikakaa barabara juu ya kichwa chake, kikaanza kukizungusha.

Krr. Safari hii sauti ilitoka ndani ya fuvu.

"Hiki si changu," ilisema sauti ya mwanamke mzee sikioni mwake. "Lakini nitakichukua."

Alipozinduka viazi vilikuwa vimegeuka vyeusi na sakafu ni baridi. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili na kukibana, akilia kwa sauti, akiogopa kikitikisika kidogo tu kitatoka.

Alhamisi akamwita Wilmer Dreibelbis. Wilmer kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukata nyasi, lakini alirithi kwa shangazi yake yale maneno ya kale ya kuponya, ya Kijerumani cha mababu zao, na watu humwita kwa siri huku kanisani wakijitia hamnazo. Ukishatibiwa haruhusiwi kushukuriwa, ukimshukuru dawa inavunjika. Alimsimamisha Arvilla katikati ya jikoni, akatoa uzi mwekundu, akampima kutoka kisigino hadi utosi akinong'ona. Akapima tena. Kisha akajikuna shavu.

"Umefupika, Arvilla."

"Nimezeeka, kaka Wilmer."

"Sisemi uzee. Hapa juu pameshaanza kuondolewa." Alisogeza kiti, akaongea chinichini, maana wote wawili walikuwa wanasikia kabati likitetemeka. "Huyu hafukuzwi kwa maombi. Ana haki yake. Umemnyang'anya nini?"

"Kifuniko. Nitamrudishia leo hii."

"Kifuniko ni udongo. Umemnyang'anya nini?"

Machozi yakamtoka Arvilla. "Aliongea kweli, nikafanya asiaminiwe. Nyumbani kwake mwenyewe. Nilikuwa na aibu na sikutaka kukiachia. Ndiyo hivyo."

"Basi kaseme hayo. Mbele ya mtu wa damu yako na mbele ya mtu anayejua vyombo, kama ilivyokuwa siku ile. Ukiaminiwa, ataondoka humu."

"Nisipoaminiwa?"

"Unasema kweli, utakosaje kuaminiwa?" Wilmer alijibu hivyo, lakini alikuwa anakunja uzi wake na hakumtazama.

Luther naye alipigiwa simu aje asikie, lakini alikata aliposikia jina la mama yake. Mjuzi wa vyombo akapatikana: Neil Angstadt, mwanachama wa chama chao, mwanamume wa miaka arobaini ambaye Arvilla mwenyewe alimfunga kitambaa machoni na kumfundisha. Mtu mpole, wa kuleta keki mikutanoni. Alikuwa na buli lake moja la Tumba, kichwa wazi, ambalo picha yake alikaa nayo kwenye pochi pamoja na za watoto, na kila mkutano Arvilla alimwambia, vumilia, mwanangu, mimi nilingoja miaka kumi na mmoja.

Jumamosi saa nne asubuhi wakakaa jikoni watatu, Arvilla, Rosalyn na Neil. Arvilla alikuwa ameweka mezani mabuli mawili, lake na la Ketura. Kiti cha nne alikiacha wazi, na harufu ya kafuri ilikuwa imekikalia. Rosalyn aliyaona macho ya mama yake yanavyokwenda kwenye kiti kile, akauma mdomo.

"Hili ni buli la Ketura Moyer," alisema Arvilla. Akapiga moyo konde. "Na hiki kifuniko cha tumba kilichokuwa juu ya langu ni chake, nilikiiba jikoni mwake. Hiki cha pete nilimwekea mimi. Akasema si chake, na alisema kweli, nami nikasema amesahau. Nilimdhulumu. Alikufa Mierezi kwa sababu yangu." Akakiinua kifuniko cha tumba, akakiweka juu ya buli la Ketura. Kilikaa bila kusaga. "Bibi Ketura, ni chako. Ulikuwa unajua. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Nyumba ilitulia. Kabati lilinyamaza. Ile harufu ikapungua, ikapungua, hadi Arvilla akavuta pumzi iliyofika chini ya tumbo, ya kwanza tangu Januari, na akajiona mwepesi. Rosalyn alikuwa analia.

"Mama, ni kweli haya? Au ni, ni yale mambo?"

"Ni kweli, mwanangu. Njoo." Akamkumbatia mtoto wake, uso ukazama kwenye koti lake la sufu, na kwa muda huo hakuna aliyekitazama chombo isipokuwa Neil.

"Naweza kulisogeza dirishani?" alisema Neil. "Nione mwili vizuri." Akalibeba buli la Ketura, akawapa mgongo. Mkoba wake ulikuwa sakafuni kando ya mguu. Ulikuwa wazi, na hilo halimshangazi mtu kule.

Alipolirudisha mezani, Arvilla alinyoosha mkono alishike kwa mara ya mwisho. Vidole vikasimama. Tumba halikuwepo. Palikuwa na kirungu laini, cha mviringo, kama njugu.

"Hiki si kifuniko chake," alisema.

Maneno yalikuwa yameshamtoka ndipo akayasikia. Alitazama mkoba, akaona soksi moja ya kijivu imevimba, ikisukumwa ndani na kiatu cha Neil.

"Mama, si umekiweka mwenyewe sasa hivi?"

"Changu kilikuwa na tumba. Chake, nasema chake! Rosalyn, tazama kirungu, usitazame jani."

Rosalyn alitazama kifuniko, akaona jani. Akatazama buli, akaona jani. Kisha akamgeukia Neil, na Arvilla alijua kila neno kabla halijasemwa, akataka kulizuia, hakuwahi.

"Neil, wewe ndiye mtaalamu. Ni chake au si chake?"

Neil aliinamisha macho kwa huruma. Huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililomkata Arvilla maini. "Ni chake," alisema taratibu. "Bi Arvilla amesahau tu."

"Fungua mkoba wake. Rosalyn, nakuomba, fungua mkoba."

"Mama, basi. Inatosha."

"Na Ketura je? Nilichosema juu ya Ketura?"

"Umechoka, Mama," alisema Rosalyn, akimpapasa nywele juu ya utosi. "Hukumwibia mtu. Wewe hujawahi kumwibia mtu."

Neil aliaga akatoka, mkoba ameukumbatia kifuani. Arvilla akaburuta miguu hadi dirishani. Gari lilikuwa nje kwenye theluji, na kwenye kiti cha mbele, upande usio wa dereva, alikuwa ameshakaa mwanamke mzee mwenye aproni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti inasuguana vifundo. Neil akaingia, akauweka mkoba kati yao. Akanusa mara mbili. Akateremsha kioo kidogo. Mwanamke mzee alimgeukia, akanyoosha kidole kimoja, akaanza kumpapasa sikio kwa nyuma, taratibu, akishuka kwenye taya.

Neil alikuwa mtoto wa watu, na picha za watoto wake wawili zilikuwa kwenye pochi. Arvilla hakuweza kunyamaza.

"Rosalyn, mkimbilie! Mwambie asiondoke na yule bibi."

"Bibi yupi?"

"Aliyekaa naye mbele. Amemshika usoni, humwoni?"

Rosalyn alikuja dirishani, akatazama. Alimwona Neil peke yake garini, anajikuna sikio, anawasha injini. Akasimama pale kidogo, mkono wake begani kwa mama yake. Kisha akaenda kwenye simu iliyo ukutani, akapiga namba aliyokuwa ameiandika kiganjani tangu asubuhi.

"Haloo, Mierezi? Ndiyo, mimi Rosalyn Kutz," alisema, akimpa mama yake mgongo. "Kile chumba chenye dirisha, tunakichukua."